Padri Jones wa Rabai: Mwingereza au mtumwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi mzaa mama alikuwa akituhadithia kwamba babu yake alitoroka shamba la mtama hapa Malindi akakimbilia Rabai, "kwa Padri Joni". Mzee mmoja wa kanisa ananiambia huyo Padri Jones alikuwa Mwingereza. Mjomba wangu anashikilia kwamba alikuwa mtumwa kama hao waliomkimbilia. Nani mkweli? Na nikitaka kumtafuta babu huyo kwenye karatasi za zamani, nianzie wapi? – Msomaji, Malindi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ndiye mkweli, mfikishie salamu zangu. William Henry Jones alikuwa Myao kutoka bara, upande wa Ziwa Nyasa. Alizaliwa karibu na mwaka 1840, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akaokolewa na Waingereza, akalelewa India. Aliporudi Afrika alikuwa mtu mzima mwenye jina la Kizungu na Kiingereza kilichonyooka. Mzee wa kanisa nisimlaumu. Ukikuta "Kasisi W. H. Jones" kwenye orodha ya watumishi wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana cha London, utamfikiria bwana mwenye ndevu na kofia ya jua.

Habari ya India inahitaji maelezo kidogo. Katikati ya karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Waliookolewa hawakurudishwa kwao. Nani angejua kwao ni wapi, na nani angewavusha nchi zile zile walimotekwa? Wakapelekwa Aden, Shelisheli, Bombay. Baadhi ya watoto wa Bombay walikabidhiwa CMS, ambayo ilikuwa na kituo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, chini ya Kasisi William Salter Price. Hapo walifundishwa kusoma, Biblia, Kihindustani, Kiingereza na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Vijana wa Nasik utawakuta katika historia mahali usipowatarajia: Jacob Wainwright, aliyechonga kwenye mti habari za kifo cha David Livingstone mwaka 1873 na kuisindikiza maiti yake hadi Uingereza, alitoka shule hiyo hiyo.

Mwaka 1864 Jones na wenzake, Ishmael Semler na George David, waliletwa Rabai, bara ya Mombasa, kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann. Mjerumani huyo alikuwa Rabai tangu 1846, na mwenzake Krapf alikwisha kuondoka. Mzee Rebmann alikuwa akisoma lugha zaidi ya kuhubiri, waumini wake walikuwa wachache mno, na kadiri miaka ilivyokwenda macho yakafifia hadi akawa kipofu kabisa. Hao vijana waliotoka India watu wa pwani waliwaita Wabombay. Walivaa suruali na viatu, wake zao walivaa magauni, na walijiona wastaarabu kuliko wenyeji. Nalisema hilo kwa sababu hadithi za kifamilia hupenda kumfanya padri kuwa mtu wa watu tangu siku ya kwanza. Hakuwa hivyo. Kwa Warabai alikuwa mgeni kama mgeni mwingine, na Kiswahili chake ilibidi akijenge upya ukubwani.

Sasa tuje Malindi, kwa sababu bila Malindi humwelewi Jones wa Rabai.

Malindi hii ya hoteli na pizza ilikuwa magofu na vichaka mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Unguja alipeleka watu na askari kuihuisha, na kwa muda usiozidi miaka ishirini mashamba yakaenea kutoka mjini hadi Mambrui. Mtama ulikuwa ndio mali, pamoja na ufuta, ukipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Wenye mashamba walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani. Waliolima walikuwa watumwa walioletwa kwa njia ya Kilwa na Unguja: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Kazi ilipimwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba alichopimiwa mtu akilime. Juu ya wakulima kulikuwa na kadamu, juu ya kadamu nokoa, juu ya nokoa msimamizi, na kadamu na nokoa mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Wiki ilikuwa na siku za kulimia kishamba chako mwenyewe. Watu husema watumwa wa pwani walitendewa upole kuliko wa Marekani. Huenda kuna ukweli katika hilo kwa mtumwa wa nyumbani, aliyekula na watoto wa bwana. Kwa mtu wa ngwe kwenye shamba la mtama la Malindi, nasita. Mtama wa kuuza ng'ambo haungoji, na bwana anayedaiwa na mkopeshaji wake mjini hana muda wa upole.

Najua jambo hili bado linauma Malindi, maana wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa waliolima wanasali na kuzikana pamoja. Lakini umeuliza, nami sitakuzungusha.

Mtumwa aliyechoka alikuwa na nyika mgongoni mwake. Ukipita msitu wa Arabuko unaingia nchi ya Wagiriama, ambako mkono wa liwali wa Malindi haukufika kwa urahisi. Watoro walijenga vijiji vyao huko bara, vingine na maboma ya miti, wakalima na kujilinda. Wengine walikwenda kaskazini kwa Ahmed Simba, Sultani wa Witu, bara ya Lamu, aliyewapokea kwa sababu alikuwa na ugomvi wake na Unguja na alihitaji wapiganaji. Na wengine wakashuka kusini, kwa sababu walisikia kwamba Rabai kuna watu wa misheni wasiomrudisha mtu kwa bwana wake. Kutoka Malindi hadi Rabai ni zaidi ya kilomita 100, na mtoro hakupita barabara.

Hapa pana jambo la sheria ambalo wengi hulikosea. Mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash mwaka 1873, kwa kushinikizwa na mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Haukuwaweka huru watumwa waliokwisha kuwa mashambani. Frere Town, iliyoanzishwa na Price huko Kisauni kuanzia 1874, ilikusudiwa mateka waliokamatwa majahazini na manowari, na hao walikuwa huru kisheria. Mtoro wa Malindi alikuwa bado mali ya bwana wake kwa sheria ya Sultani, na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, John Kirk, hakutaka misheni iingilie mali ya raia wa Sultani. Wakubwa wa CMS waliagiza watoro wasipokewe.

Basi tazama alipokuwa Jones. Wazungu wa misheni walikuja, wakaugua homa, wakahamishwa, wakarudi kwao. Yeye alikuwa pale pale Rabai, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 watu wakawa wanaingia mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wanajenga kibanda pembeni, wanapanda muhogo na mahindi, wanakuja darasani, wanaomba kubatizwa. Wengi walizungumza lugha za bara, na baadhi Kiyao, lugha ya mama yake. Unamwambia nini mtu wa namna hiyo? Kwamba kuna agizo kutoka London?

Hakuwafukuza. Hakutangaza vita na wenye mali wala hakuhubiri sokoni dhidi ya utumwa. Aliacha watu wakae. Ukipenda liite ujanja, mimi naliita akili ya mtu aliyewahi kuuzwa. Hakuwa peke yake katika hilo, maana baadhi ya Wazungu wa Rabai nao walifumba macho, lakini aliyebaki kuishi na matokeo yake mwaka hadi mwaka ni Jones.

Bei ya mchezo huo ilijulikana. Wakristo wa Kigiriama walikuwa wameanzisha kijiji chao Fuladoyo, bara ya Takaungu, na watoro wakajaa huko hata kuwazidi wenyeji. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa na kuuawa Takaungu mwaka 1883. Wakristo wa pwani humhesabu miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa Kianglikana katika nchi iliyokuja kuwa Kenya, na wazee wa Kigiriama bado wanalitaja jina lake. Miaka mitatu kabla ya hapo Frere Town yenyewe ilitishiwa kuvamiwa kwa sababu ya watoro. Na usidhani waliofika misheni walifika peponi: msimamizi wa Frere Town wakati huo, J. R. Streeter, alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko vya kupita kiasi, hadi uchunguzi wa ubalozi ukafanywa mwaka 1881. Mtu aliyekimbia bakora ya nokoa aliweza kukutana na bakora nyingine Kisauni.

Mwaka 1885 Jones alipata wadhifa. Askofu James Hannington, wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta kwa Waanglikana, alifika Mombasa Januari mwaka huo, na tarehe 31 Mei, Jumapili ya Utatu, akawaweka Jones na Semler kuwa mashemasi. Hao ndio Waafrika wa kwanza wa CMS kuwekewa mikono katika pwani hii. Baadaye Jones akawa kasisi kamili. Lakini kabla hajazoea vazi, askofu alimchukua safari.

Hannington alitaka kufika Buganda kwa njia fupi, kupitia Ukambani na nchi ya Wamaasai badala ya kuzunguka kusini mwa Ziwa Viktoria. Msafara wa watu wapatao 200 ulitoka Rabai tarehe 23 Julai 1885. Hakujua, au hakusikiliza, kwamba Baganda walimhofia sana mgeni anayeingia kutoka mashariki, kwa Busoga. Walipofika kwa Sundu, pale panapoitwa Mumias leo, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akaendelea na watu kama 50. Alikamatwa Busoga, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa watu wake. Waliopona walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ndio waliomletea Jones habari.

Alisubiri wiki kadhaa, asije akamwacha mtu aliye hai. Kisha akaligeuza kundi lile, watu zaidi ya mia wasio na askofu, bidhaa zikipungua, wakarudi kwa miguu kupitia nchi ile ile waliyokuja nayo. Aliandika shajara njiani. Mapema Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoshonwa herufi nyeupe: ICHABOD. Ni jina la mtoto katika Samweli wa Kwanza, aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa, mama yake akasema utukufu umeondoka katika Israeli. Ukitaka kumjua Jones, mwangalie hapo: mtu aliyetembea kutoka Mumias hadi Rabai na msiba begani, bado akatafuta kitambaa, uzi, na andiko linalofaa. Vitabu vya Uingereza vikajaa Hannington. Aliyewarudisha wapagazi kwa wake zao hutajwa kwa aya moja.

Sasa tuje mwaka uliomgusa babu yako moja kwa moja.

Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilikabidhiwa utawala wa pwani yetu. Upande wa Wajerumani, kule Pangani na Bagamoyo, Abushiri alikuwa ameshawasha moto wa uasi, na mkuu wa Kampuni, George Mackenzie, alipofika Mombasa aliwakuta Waarabu na Waswahili wamefura hasira juu ya watumwa wao walio Rabai na kwenye vituo vya Wamethodisti. Akataka watu wahesabiwe. Price alikuwa amerudi kutoka Uingereza, mzee sasa, na hesabu ilipokuja ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe: mamia kwa mamia ya watu waliokuwa wakiishi, wakilima na kusali Rabai walikuwa watoro.

Mackenzie angeweza kuwarudisha. Fikiria ingekuwaje: askari wachache wa Kampuni wakiwaswaga watu wazima wenye mashamba, wake na watoto hadi Malindi na Takaungu. Vurugu isingezimika. Akachagua kulipa. Wenye mali walipewa fidia, riale 25 kwa kila mtu, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai kwa watu 1,421.

Wengi humpa Mackenzie sifa yote ya siku hiyo. Mimi sikubaliani. Mackenzie alinunua amani ya biashara yake. Waliomlazimisha kufika pale ni watu waliotembea usiku kutoka mashamba ya mtama, wakawa wengi kiasi cha kutorudishika, na huyo Myao aliyewaacha wawe wengi. Angelitii agizo mwaka 1880, pasingekuwa na wa kuhesabiwa mwaka 1888. Tena fidia ililipwa kwa bwana, si kwa aliyelima bure. Na kwa waliobaki Malindi hakuna kilichobadilika siku hiyo; utumwa wenyewe uliondolewa kisheria pwani mwaka 1907 tu.

Miaka ya mwisho ya Jones nitaipita haraka, nayo haifurahishi. Miaka ya 1890 ilileta wamisionari vijana kutoka Uingereza, wengi wao wakiamini kwamba Mwafrika, hata awe kasisi wa muda gani, anapaswa kukaa chini ya Mzungu aliyefika jana. Mishahara ilitofautiana mno, na heshima zaidi. Jones na makasisi wenzake Waafrika walilalamika kwa maandishi, na mwishoni mwa mwongo huo aliiacha kazi ya CMS. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20. Wanahistoria hupenda kuyaita malalamiko hayo chanzo cha siasa za Wakenya wenye elimu. Labda. Mimi naona zaidi mzee aliyechoka kuitwa kijana.

Sasa kuhusu babu yako. Anza kwa wazee kabla ya karatasi, na waulize majina ya mahali kuliko majina ya watu. Je, bibi alipata kutaja Fuladoyo, Godoma, Makongeni au Jilore? Watoro wengi wa Malindi hawakufika Rabai kwa mkupuo mmoja. Walikaa kwa Wagiriama mwaka au kumi, wakaoa, wakapata ukoo, wengine wasitoke tena. CMS ilifungua kituo Jilore miaka ya 1890, na kwa familia nyingi za bara ya Malindi ubatizo ulianzia hapo, ingawa hadithi ya nyumbani inasema Rabai kwa sababu Rabai ndiyo iliyokuwa na jina. "Kwa Padri Joni" yaweza kuwa na maana ya misheni kwa jumla.

Pili, tafuta jina la ubatizo. Mtoro aliingia misheni na jina la utumwani, mara nyingi jina la siku au la mapenzi ya bwana wake, akatoka kisimani akiwa Yohana au Petro. Bila kuunganisha majina hayo mawili utapotea. Nenda kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai, uombe kwa adabu kuona daftari za ubatizo na za ndoa. Usiende Jumapili, na chukua barua ya padri wako. Hatua chache kutoka hapo kuna jumba la makumbusho ndani ya kanisa la zamani la Krapf, na wahudumu wake wanazijua familia za Wamisheni kwa nyumba.

Tatu, usiudharau upande wa bwana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimisha watu wa Malindi kwenda kudai mashamba yao rasmi, na katika madai hayo majina ya mashamba, mipaka na wenye mali yaliandikwa. Kama ukoo wenu unakumbuka jina la shamba, au la bwana, Nyaraka za Taifa jijini Nairobi zinaweza kukupeleka mbali kuliko kanisa. Uliza pia kuhusu hati za kadhi, maana mabwana wengine waliwaacha watu huru wenyewe, kwa sadaka, na hati zikaandikwa kwa Kiarabu.

Barua za Jones mwenyewe ziko Birmingham, Uingereza, pamoja na nyaraka nyingine za CMS, katika maktaba ya chuo kikuu. Hutakuta humo habari za kila mtoro, lakini kuna watu anaowataja kwa majina. Usianze huko, ni gharama bure kabla hujajua unamtafuta Yohana yupi. Ukipata jina la ubatizo na mwaka, hata wa kukisia, niandikie tena nikueleze namna ya kuwaomba wakutafutie.